Siku moja Michigan Avenue: uanzie wapi?

Ndugu, umeuliza kama siku moja inatosha kuona majengo ya kale ya Michigan Avenue, Chicago, na kama kuna haja ya kulala hoteli ya zamani. Inatosha, ila usianzie kaskazini kwenye maduka, utachoka kabla ya kuona la maana.

Anzia kusini. Hoteli ya Hilton ilifunguliwa 1927 kwa jina la Stevens, ikiwa na vyumba 3,000; wakati huo hapakuwa na hoteli kubwa kuliko hiyo duniani. Jirani yake ni hoteli ya Blackstone ya 1910. Humo, inasimuliwa, vigogo wa chama cha Republican walijifungia mwaka 1920, moshi wa sigara ukitanda, wakaafikiana kumsimamisha Warren Harding kuwania urais wa Marekani. Ukipanda kidogo kwenda kaskazini utakuta Auditorium ya 1889, jengo la ukumbi wa maonyesho, kazi ya wasanifu majengo Adler na Sullivan, ambayo zamani nayo ilikuwa na hoteli ndani.

Chicago Cultural Center (1897, zamani maktaba) usiipite hata kwa dawa. Kuingia ni bure, na kuba lake la vioo vya rangi vya kampuni ya Tiffany litakukalisha chini.

Ukivuka mto, Tribune Tower, jengo refu lililokuwa makao ya gazeti la Chicago Tribune, ina mawe ya majengo mashuhuri ya dunia yaliyopachikwa ukutani. Malizia kwenye Water Tower, mnara wa maji wa zamani ulionusurika moto mkubwa uliochoma jiji mwaka 1871.

Kuhusu kulala: mimi ningelala hoteli ya kawaida. Kumbi za chini za hizo kongwe ndizo zenye uzuri, na kuketi humo kwa kikombe cha kahawa hakuhitaji chumba.