Baada ya Kifaransa, uchukue lugha gani?

Ukishafika mahali unasoma gazeti la Kifaransa bila kamusi pembeni, hamu ya kuanza upya huja yenyewe. Unamiss ile raha ya wiki za kwanza, pale kila siku unapoondoka na kitu kipya, na mara unajikuta usiku wa manane unalinganisha Kihispania na Kijerumani, Kiitaliano na Kichina. Nimepita njia hiyo. Niliongeza Kihispania, kisha Kijerumani, na Kiarabu nakisoma mpaka leo, polepole. Ushauri utakaopewa na wengi ni kwamba uanze na iliyo rahisi. Mimi sikubaliani nao sana, na nitaeleza kwa nini.

Huo urahisi kwanza. Kihispania, Kiitaliano na Kireno zimetokana na Kilatini, kama Kifaransa. Mtu mwenye Kifaransa kizuri akifungua ukurasa wa Kiitaliano anaambulia mengi siku hiyohiyo: parler anakutana na parlare, manger na mangiare, chercher na cercare. Hata je suis allé ina pacha wake, sono andato. Kihispania kiko mbali kidogo kwa maneno, maana huko kusema ni hablar, kula ni comer, kutafuta ni buscar, lakini mifupa ya sentensi ni ileile.

Kwa sisi tuliokulia Kiswahili, Kihispania kina zawadi nyingine ambayo vitabu vingi havitaji, kwa sababu havikuandikwa kwa ajili yetu. Irabu zake ni tano, a, e, i, o, u, na zinatamkwa karibu sawa na zetu. Unachokiona ndicho unachokisoma. Baada ya kuhangaika na zile sauti za puani za Kifaransa na ile u yao inayokunja midomo, unapumua. Tena huhitaji kubeba kiwakilishi kila mahali: hablo peke yake inatosha, kama "nasema" inavyotosha, maana msemaji yumo ndani ya kitenzi.

Sasa bei yake. Unafuu huu ni wa kusoma na kusikiliza. Ukifungua mdomo, Kifaransa kinatangulia mbele na kujibu kwa niaba yako. Jinsia za nomino ndizo zinazokera zaidi, kwa sababu nyingi zinafanana kisha chache zinakusaliti: maziwa ni le lait kwa Kifaransa lakini la leche kwa Kihispania, chumvi ni le sel lakini la sal, bahari ni la mer lakini el mar, jino ni la dent lakini el diente. Halafu kuna maneno yanayovaa sura moja na kubeba maana tofauti. Salir kwa Kifaransa ni kuchafua, kwa Kihispania ni kutoka, na salire ya Kiitaliano ni kupanda. Attendre ni kusubiri, ila atender ya Kihispania ni kuhudumia au kuzingatia. Demander ni kuomba au kuuliza tu, lakini demandar mara nyingi ni kumfungulia mtu kesi, kwa hiyo angalia unachomwambia mwenye nyumba wako.

Na kuna deni lililofichika kwenye sarufi. Wafaransa katika mazungumzo wameshaachana na passé simple, umbo moja la wakati uliopita. Je parlai utaikuta vitabuni. Wengi wetu tuliiruka na tukafaulu mitihani. Kwenye Kihispania ndugu yake, hablé, anatumika kutwa nzima. Vivyo hivyo ile subjonctif ya wakati uliopita, umbo la kitenzi la mambo ya kudhania: Mfaransa anasema si j'avais (kama ningekuwa na) na mambo yanaisha, wakati mtoto anayekua na Kihispania anasema si tuviera bila kufikiri. Ulichokikwepa kule kinakungoja huku.

Kwa hiyo swali la kwanza linahusu Kifaransa chenyewe: kimekomaa kiasi gani? Kwa ngazi za Ulaya zinazoanzia A1 hadi C2, mimi ningesema usiguse ndugu wa Kifaransa kabla hujaikalia B2 vizuri. Cheti pekee hakitoshi kukuonyesha. Jipime hivi: unaweza kubishana kwa simu, bila kujiandaa, na mtu asiyekuonea huruma, mpaka mkaelewana? Kama bado, lugha mbili changa zenye sura moja zitakulana, na utabaki na mchanganyiko usioeleweka Paris wala Madrid. Lugha ya ukoo wa mbali haina hatari hiyo kwa kiwango hicho, unaweza kuianza hata ukiwa B1.

Kijerumani kwa mfano. Maneno unayakusanya moja moja kama mtu anayeanza maisha, lakini sikumbuki yakigongana na ya Kifaransa mdomoni. Kuna jinsia tatu na hali nne za nomino, hivyo der inageuka den, dem au des kutegemea kazi ya nomino katika sentensi. Baada ya weil (kwa sababu) au dass (kwamba) kitenzi kinakimbilia mwisho, na inabidi umsikilize mtu mpaka amalize ndipo ujue alifanya nini. Ishirini na moja inasemwa moja-na-ishirini, jambo ambalo halitamtisha mtu aliyekwisha kuzoeshwa na Wafaransa kuita themanini "ishirini nne", yaani ishirini mara nne.

Watu hutishwa mno na hizo jinsia tatu. Sisi tuna ngeli. Ukisema "kitabu kile kizuri kimepotea" umeshaburuza alama ya nomino sentensi nzima bila kutoka jasho, hivyo upatanisho si mgeni kwako. Tabu ya Kijerumani ni kwamba nomino nyingi hazijitambulishi usoni. Zinazojitambulisha zishike mapema: zinazoishia na -ung, -heit na -keit ni za kike, zenye -chen ya udogo ni za kati, na hapo umeokoa maneno mengi kwa mkupuo.

Utakutana pia na ile orodha maarufu ya taasisi inayofundisha wanadiplomasia wa Marekani. Inakadiria kama wiki 30 za darasani kwa Kihispania, wiki 36 kwa Kijerumani, 44 kwa Kirusi, na 88 kwa Kiarabu, Kichina, Kijapani na Kikorea. Ni orodha nzuri, ila imepimwa kwa watu waliokua na Kiingereza. Hao hao wanapewa wiki 36 kwa Kiswahili! Usiibebe kama ilivyo.

Kiarabu ndipo orodha hiyo inapotukosea zaidi. Mwanadiplomasia yule anaanza na sifuri. Wewe unaingia na kitabu, katibu na maktaba mfukoni, na hukumu, hakimu na mahakama, na sita, saba, tisa, ishirini, thelathini. Tulirithi maneno hayo kama vyombo vilivyokamilika. Ukianza kusoma Kiarabu unaonyeshwa kwamba kitabu, katibu na maktaba zimetoka kwenye herufi tatu zilezile, k-t-b, na kuanzia hapo kila neno jipya unaliuliza mzizi wake. Sijapata raha ya namna hiyo kwenye lugha nyingine. Ugumu upo: herufi 28 zinazobadilika umbo kulingana na mahali zilipokaa, irabu fupi ambazo kwa kawaida haziandikwi, na pengo kati ya fus'ha ya habari na vitabu na lahaja za mitaani. Cairo hawasemi kama Casablanca. Amua mapema unataka ipi. Wa kusoma na kufuatilia habari achukue fus'ha. Mwenye watu wa kuzungumza nao achukue lahaja ya watu hao.

Kichina nitakigusa tu, kwa kuwa sikisomi. Vitenzi havinyambuliki kwa nafsi wala wakati, nomino hazina jinsia, lakini toni ni nne na maandishi yake yanadai miaka. Kifaransa chako hakitakusaidia chochote huko.

Kura yangu basi ni hii: kama lugha mbili zinakuvuta kwa nguvu sawa, anza na ya mbali. Unafuu wa Kihispania au Kiitaliano hauozi. Mradi Kifaransa kiko hai, utaukuta palepale miaka mitano ijayo. Nguvu na muda wa kukabili Kijerumani au Kiarabu ndivyo visivyo na uhakika. Atakayepinga ni mwenye mchumba Mhispania au mkataba wa kazi Lisbon, na yeye yuko sahihi, aende zake.

Ila kabla ya kununua kitabu, ishi na lugha hiyo wiki moja bila kujifunza. Sikiliza redio yake, tazama mpira ukitangazwa kwayo, tafuta mtu anayezungumzia fani yako kwa lugha hiyo. Huelewi, sawa. Unachopima ni kama kuna kitu huko ndani unachotamani kukielewa. Nimeona watu wakichagua Kijerumani kwa sababu ya ajira peke yake, na ajira ilipochelewa, daftari likafungwa.

Ukishachagua, jifunze lugha mpya kupitia Kifaransa. Nunua kitabu cha Kihispania au cha Kijerumani kilichoandikwa kwa ajili ya Wafaransa, na msamiati wako uandike kwa Kifaransa upande wa pili. Vitabu hivyo vinakuonya kuhusu mitego iliyo kati ya lugha hizo mbili, na Kifaransa kinapata mazoezi bila ratiba yake. Kwa jamii ya Kilatini ongeza sharti moja: usisome sarufi za lugha mbili jioni moja. Kifaransa kiachie redio na vitabu vya kujiburudisha mpaka hiyo mpya ifike angalau B1.