Nimekuwa kama jiwe wodini

SWALI: Shikamoo Mama. Mimi ni nesi wa wodi ya wazazi, hospitali ya wilaya, Kanda ya Ziwa. Usiku tuko wawili, vitanda vimejaa, wengine wamelala chini. Zamani mama akifiwa na mtoto nilijifungia chumba cha dawa nikalia. Siku hizi najaza fomu, naita anayefuata. Nikitoka naiti usingizi hauji. Likizo yangu imeahirishwa tena, eti hakuna wa kunishikia. Mume wangu anasema nina kiburi, mama mkwe anataka niombewe, mwenzangu ananishauri nimeze diazepam, ile dawa ya kutuliza na kuleta usingizi. Je, huu ni ugonjwa? Niache kazi?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Nimestaafu nikitokea wodi kama yako, hicho chumba cha dawa nakijua mpaka harufu yake.

Diazepam kwanza: hapana. Mwili huizoea upesi, na sisi tunaoshika funguo za kabati ndio tuko hatarini zaidi.

Kiburi huna. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilieleza hali hii ya kuchoshwa na kazi, Kiingereza wanaiita burnout, kuwa ni tatizo linalotokana na kazi, wala halikuiita ugonjwa. Dalili zake ni tatu: kuishiwa nguvu, kuikinai kazi, na kujiona hufai kitu kazini. Mimi naelewa hivi: cha kutibiwa kwanza ni rosta, yaani ratiba ya zamu.

Kwa hiyo shika kalamu. Kila unapokabidhi zamu, andika kwenye kitabu cha ripoti: wauguzi wangapi, wenye uchungu wangapi, waliojifungua wangapi, nani hakupimwa presha kwa wakati na kwa nini. Usilalamike humo, andika idadi. Matroni akimwambia mganga mfawidhi "wasichana wamechoka," atajibiwa wavumilie. Akimfungulia ukurasa wa usiku wa Jumamosi, hapo watazungumza mengine.

Likizo si hisani. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inakupa siku 28 kwa mwaka, na mapumziko ya saa 12 mfululizo kati ya kutoka kazini na kurudi. Omba kwa barua, ubaki na nakala yenye muhuri wa kupokelewa. Wakiahirisha tena, nakala hiyo ipeleke tawi la TUGHE, chama cha wafanyakazi wa serikali na afya, hapo kazini. Maneno ya koridoni hayana faili.

Usingizi ndio unaonitia wasiwasi. Ukiwa ofu siku kadhaa, umekula, umepumzika, na bado hata wanao hawakupi raha, au unawaza kufa, hapo huenda ni sonona. Hiyo ni ugonjwa, na ina tiba. Muone daktari wa afya ya akili mapema. Kama unawaza kufa, usingoje kesho. Ukiona haya, nenda hospitali nyingine, maana wauguzi tunajuana kwa umbea.

Kuacha kazi usiamue asubuhi ukitoka naiti. Omba kwanza uhamishiwe kliniki ya mama na mtoto kwa miezi michache, ulale usiku kama watu wengine, ndipo ujiulize upya.

Mumeo mpe ukurasa huu asome. Maombi ya mama mkwe yapokee kwa mikono miwili, ila yafanyike jioni. Asubuhi umelala, na chai atapika mwingine.