Jibu: Je, ubao wa "siku bila ajali" uondolewe?

Ndugu, umeuliza kama kiwanda chenu kiendelee na ubao wa "siku bila ajali" pamoja na mfuko wa mchele unaotolewa kila mwezi kwa idara isiyo na majeruhi. Kwa maoni yangu mchele ndio uanze kuondoka, kwa sababu zawadi ya namna hiyo haipunguzi ajali, bali hupunguza taarifa za ajali. Niliwahi kumwona fundi aliyefunga kidole kilichochanika kwa tepu ya umeme, akavaa glavu juu yake na kuendelea na kazi ili asiwakoseshe wenzake zawadi, huku msumeno uliomkata ukibaki bila kinga kwa wiki mbili zaidi.

Isitoshe, uchache wa majeraha madogo hauthibitishi kwamba hatari kubwa zimedhibitiwa. Tarehe 20 Aprili 2010, wakuu wa kampuni walikuwa kwenye mtambo wa kuchimba mafuta baharini wa Deepwater Horizon, katika Ghuba ya Meksiko, wakiwapongeza wafanyakazi kwa miaka 7 bila ajali ya kumfanya mtu ashindwe kufika kazini. Usiku huohuo mtambo ulilipuka na watu 11 wakafariki.

Kama uongozi hauwezi kuishi bila ubao (na wengi hawawezi), basi uandikwe idadi ya matukio ya nusura (pale ajali ilipokaribia kutokea lakini haikumdhuru mtu) yaliyoripotiwa na mangapi yamekwisha kurekebishwa, na anayeripoti asiitwe ofisini kujieleza.