Wiski ya pipa moja imenichoma koo

SWALI: Shikamoo Mzee. Niko Louisville, Kentucky. Nimenunua wiski ya Evan Williams ya pipa moja kwa kuwa bei yake haikunitisha, lakini imenichoma koo tu. Nimeuziwa takataka?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Takataka hapana, una haraka. Soma lebo kwanza: kuna namba ya pipa, tarehe iliyotiwa pipani na tarehe iliyotiwa chupani. Piga hesabu, umri wake huo. Chupa ya pipa jingine inaweza kukuonjesha kitu tofauti kidogo, maana haikuchanganywa na ya mapipa mengine.

Sasa mimina kidogo, iache dakika kumi. Usizamishe pua kwenye glasi kama unayenusa mchuzi. Nusa mdomo ukiwa wazi kidogo. Funda la kwanza ni la kuamsha ulimi, usilitolee hukumu. La pili ndilo. Mimi hupata sukari guru, ganda la chungwa, kisha ukavu wa mbao, kama umetafuna kijiti cha meno. Utamu ni wa mahindi iliyotengenezewa. Vanila imetoka kwenye pipa jipya la mwaloni lililochomwa ndani. Kilevi cha asilimia 43.3 si moto mkali, matone mawili ya maji yanatosha.

Kosa lake ni mwisho mfupi: ladha inaondoka hata glasi hujaitua mezani. Kwa bei ile, naisamehe.