Pedali Laini na Nipeli Iliyotazama Chini

Wiki iliyopita niliketi chini ya mwarobaini wa gereji yetu hapa Kizota, Dodoma, nikawatazama vijana wawili wakitoa upepo, yaani hewa iliyonaswa ndani ya mafuta, kwenye breki za Noah kuanzia saa tatu asubuhi hadi adhana ya adhuhuri. Mmoja alikuwa ndani akipiga pampu na kuita "nimeshika!", mwenzake akifungua na kufunga nipeli, ile skrubu yenye tundu ya kutolea upepo penye gurudumu, na chupa tupu za mafuta ya breki zikizidi kujipanga kando ya jeki kama soda za kipaimara. Pedali ilibaki laini vilevile. Mwishowe mmoja akanijia na hukumu iliyokwisha kutolewa: "Fundi, masta silinda imekufa, tumwambie mteja alete nyingine." Masta silinda ndiyo pampu inayosukuma mafuta ya breki mguu unapokanyaga. Sikumjibu upesi, kwa kuwa maneno hayohayo niliwahi kuyasema mimi. Basi, wadogo zangu, someni haya kabla hamjashika spana tena.

1. Kabla ya kufungua chochote, ingia ndani ya gari ukanyage. Pedali ikipanda na kukaza baada ya kupigwa mara mbili tatu, kuna upepo ndani au breki shu za nyuma (zile zinazotanuka kushika gurudumu) ziko mbali na dramu, bakuli la chuma linalozifunika. Ikiwa ngumu lakini inashikia chini, anza na marekebisho ya nyuma. Ikizama polepole chini ya mguu ilhali nje hapavuji hata tone, hapo ndipo raba za ndani ya masta silinda zinapostahili kushukiwa. Ile kuzama kidogo unapowasha injini huku mguu ukiwa juu ya pedali ni busta, kifaa kinachousaidia mguu kusukuma, inayofanya kazi yake, kwa hiyo mwacheni mteja na busta yake.

2. Bana paipu za mpira kwa kibanio chake, si kwa plaizi. Ukizibana zote na pedali ikawa ngumu kama jiwe, masta ni nzima. Kisha achia moja moja, nayo ile itakayolegeza pedali ndiyo inayokuonyesha upande wa ugonjwa.

3. Angalia nipeli imetazama wapi. Hapa naomba mnivumilie, maana jambo hili nililijua kwa aibu.

Nilikuwa na miaka mitatu kazini, kipindi ambacho fundi hujiona amehitimu. Mwalimu mmoja wa shule ya msingi aliniletea gari ambalo kalipa zake za mbele, zile zinazobana diski za breki, zilikuwa zimekwama kwa vumbi na kutu, naye alitaka kwenda Iringa Jumamosi kupitia Mtera, na mteremko wa Nyang'oro mnaufahamu. Nilifungua kalipa zote mbili, nikaziosha katika karai moja, nikaweka raba mpya na kuzifunga. Bolti zilikubali bila ubishi. Paipu ya mpira ilijipinda kidogo. Niliiona, nikaisukuma ikakaa. Alhamisi jioni nilitoa upepo, pedali laini. Ijumaa nikarudia magurudumu yote manne, na kilichonidanganya ni kwamba mafuta yalitoka safi bila povu hata moja, nami nikaamini kuwa upepo umekwisha na ubovu uko kwenye masta. Mwalimu alikwenda kukopa kwenye kikoba chao, masta ikanunuliwa, nikaifunga. Pedali ikawa laini kama jana yake. Hapo nikatamka sentensi ambayo mpaka leo ikinijia usiku hugeuka upande wa pili wa kitanda: "Mama, itakaa sawa ikitembea."

Alilizungusha gari mara moja uani, akarudi, akanikabidhi funguo na kuuliza kwa upole, "Mwanangu, gari hili ungempakia mama yako?"

Nilisimama nimenyamaza. Mzee mmoja, fundi wa gereji ya jirani aliyekuwa amekuja kuazima spana namba 14, alichuchumaa penye gurudumu la mbele, akatazama kwa muda, akaniuliza kama upepo hupanda au hushuka. Nilikuwa nimefunga kalipa ya kushoto kulia na ya kulia kushoto. Nipeli zote mbili zilitazama chini, na upepo ulikuwa umestarehe juu ya silinda mahali ambapo nisingeufikia hata kwa pipa zima la mafuta. Kuzibadilisha kulichukua muda usiotimia saa moja, na mafuta nusu chupa tu. Fedha ya masta nilimrudishia mwalimu kutoka katika posho yangu, kidogo kidogo, kwa miezi miwili.

4. Kwenye gari la zamani weka kipande cha mbao chini ya pedali wakati wa kutoa upepo. Pistoni ikisukumwa hadi mwisho hufika penye kutu ambapo haijawahi kupita, raba huchanika, na hivyo mnaiua masta iliyokuwa hai kisha mnaiandikia cheti cha kifo.

5. Usukani wetu uko kulia na masta iko upande huo, kwa hiyo kwa desturi tunaanza na gurudumu la mbali zaidi, nyuma kushoto, na kumalizia mbele kulia, isipokuwa kitabu cha gari kikisema vingine. Kikopo cha mafuta kisikauke.

6. Mafuta ya breki hunyonya unyevu wa hewa. DOT 3, daraja mojawapo la mafuta hayo, ikiwa mpya haichemki chini ya nyuzi 205 za Selsiasi, lakini ikishanyonya maji inaweza kuchemka kwenye 140 hivi. DOT 4 hushuka kutoka 230 hadi 155. Mteja hupoteza breki Nyang'oro kwa sababu ya mvuke, akifika kwenu yamepoa na pedali ngumu, nanyi mnamwambia gari ni zima. Muulizeni tatizo lilitokea wapi. Oili ya injini msitie kamwe, huvimbisha raba zote.

Kuhusu ile Noah, niliingia ndani nikapiga pampu mara mbili, pedali ikapanda na kukaza. Nipeli zilitazama juu. Nikafungua dramu za nyuma: breki shu mpya kabisa, na kirekebishaji chake hakijaguswa tangu zifungwe. Nikakisogeza kwa bisibisi, dakika kumi, pedali ikasimama. Chupa nne za mafuta nimeziandika daftarini, mbili kwa kila jina.