Kwa Mnaozungusha Viuno Mkiwa Mmesimama Palepale

Wadogo zangu wa ghalani, nimewatazama mkishusha katoni kwenye lori: nyayo zimeganda sakafuni, mikono imenyooka, na kiuno peke yake ndicho kinachozunguka kuelekea kwenye paleti, lile jukwaa la kupangia mizigo. Mikanda ya mgongo mmejifunga kwa mbwembwe, lakini hakuna ushahidi wa kutosha kwamba mkanda huo humkinga mfanyakazi mwenye afya asiumie.

1. Mzigo ukae karibu na tumbo. Kanuni ya kunyanyua mizigo ya NIOSH, taasisi ya Marekani ya usalama na afya kazini, huanzia kikomo cha kilo 23 hali zote zikiwa nzuri. Mzigo ukisogezwa mbele ya vifundo vya miguu kutoka sentimita 25 hadi 50, kikomo hicho hushuka hadi kilo 11.5.

2. Geuzeni miguu. Mimi niliumizwa na katoni ambayo mtoto angeibeba. Zamu ilikuwa inakwisha, nikajipinda ili niitupe juu ya paleti, nikahisi kitu kikichomoka chini ya kiuno. Ningesema papo hapo, pengine ningepona mapema. Lakini nilikuwa nimekwisha kuwatangazia wenzangu kwamba mgongo huwauma wavivu, kwa hiyo nikadai nimekanyaga vibaya, nikabeba hadi lori likaisha. Usiku maumivu yakateremka kutoka takoni hadi vidoleni mwa mguu. Kesho yake nilishindwa kuinama kufunga viatu vya kazi, na aliyepiga magoti kunifungia ni kijana niliyemcheka kwa kuomba toroli. Nilipokwenda kudai matibabu nikaulizwa ajali iliandikwa wapi. Haikuwa imeandikwa popote, kwa kuwa mwenyewe nilikuwa nimeikana mbele ya mashahidi.

3. Mzigo ukiponyoka, uacheni uanguke.

4. Mkibeba wawili, ahesabu mmoja, na mkubaliane mapema kama mnanyanyua kwenye "tatu" au baada yake. Nimeona kabati likimkalia mtu kidole huku wakibishana jambo hilo hilo.

5. Mgongo ukishtuka, semeni siku hiyo hiyo na ajali iandikwe. Msijilaze kitandani siku nzima, bali tembeeni taratibu kadiri mwili unavyoruhusu. Ganzi ikiingia sehemu za siri, au mkojo ukigoma kutoka au ukitoka wenyewe, nendeni hospitali saa hiyo hiyo, hata kama lori bado limejaa, tutalishusha sisi.