Hilux iliyolala nyuma: shokapu au springi?

Umeuliza kama ukibadili shokapu, nyuma ya pikapu yako ya Hilux iliyolala itainuka. Hapana kaka, kubadili shokapu pekee hakutaiinua. Uzito wa gari unabebwa na springi. Shokapu kazi yake ni kutuliza mruko baada ya tuta au shimo. Ikilala ukipakia mizigo, anza na springi. Ikiendelea kuyumba baada ya tuta, au ukiona mafuta yanavuja, hapo ndipo shokapu.

Kwa barabara ya vumbi yenye mawimbi, yaani matuta madogo yaliyofuatana, chukua shokapu za gesi. Ukipita mawimbi hayo kwa mwendo mrefu, mafuta ya ndani ya shokapu hupata moto na kutoa povu, shokapu inalegea hata kama ni mpya. Gesi ya naitrojeni huyabana mafuta yasitoe povu haraka. Nimefunga nyingi gereji, tofauti utaisikia.

Ila usidanganywe ufunge springi za mzigo mzito wakati kila siku unakwenda kazini gari tupu. Itakurusha mpaka uichukie. Ukiinua, sentimita 4 hadi 5 zinatosha, kisha fanya alaimenti (kunyoosha magurudumu) siku hiyohiyo, la sivyo tairi za mbele zitalika upande. Bushi nazo, zile raba za kwenye viungio, kagua kabla hujatoa hela ya shokapu.